Dinosaria Hawakuwa Elfu Mbili

Ukitafuta leo katika kitabu cha watoto, makala ya gazeti au kipindi cha televisheni dinosaria walikuwa spishi ngapi, utajibiwa kwamba walikuwa kama elfu mbili. Anayependa kuonekana makini zaidi atataja 1,936. Namba hiyo hutajwa bila kusita, kama mtu anavyotaja idadi ya mikoa ya nchi yake, na msomaji hubaki akiamini kwamba wataalamu walikaa mahali wakahesabu wakamaliza. Imani hiyo ndiyo ninayoipinga. Dinosaria walikuwa wengi kuliko elfu mbili, tena kwa mbali sana. Namba tunayoikariri ni hesabu ya kitu kingine, na inatuzuia kuiona dunia ile ilivyokuwa.

Waliotuachia namba hiyo sigombani nao. Mwaka 2016 Jostein Starrfelt na Lee Hsiang Liow wa Chuo Kikuu cha Oslo walichapisha hesabu yao ya dinosaria wote, ndege wakiwa wameachwa kando. Walipata 1,936, wakasema wazi kwamba huenda walikuwa 1,543 na huenda walikuwa 2,468. Mbinu yao haitofautiani sana na ya mtu anayetaka kujua idadi ya aina za samaki ziwani bila kulikausha ziwa. Anatupa wavu mara nyingi, na kila mara anaandika kilichonaswa. Aina nyingi zikiwa zimenaswa mara moja tu, anajua ziko nyingine nyingi hazijaonekana. Nyingi zikiwa zimenaswa mara kumi, anajua amekaribia mwisho. Ni hoja safi, maadamu kila samaki ana nafasi ya kunaswa.

Hapo ndipo penye tatizo. Wavuvi wa pwani wanajua kwamba jarife hunasa papa na nguru, na dagaa hupita katikati ya macho yake wasiguswe. Mvuvi wa jarife akitega usiku elfu moja, hesabu yake itakuwa thabiti kabisa, ila itakuwa hesabu ya samaki wanaonaswa na jarife. Hakuna kanuni ya takwimu itakayomwambia chochote juu ya dagaa, kwa sababu katika daftari lake dagaa hayumo hata mara moja. Ardhi nayo ni wavu, na macho yake ni makubwa mno. Inanasa mfupa mkubwa ulioangukia matope ya mtoni, bondeni, karibu na bahari, ukafunikwa upesi kabla fisi wa zama hizo hajaufikia. Mnyama mwepesi aliyekufia msituni, juu ya mlima, kwenye udongo wenye tindikali, huyo amepita.

Waliotangulia kufanya hesabu hizi walilijua jambo hili. Mwaka 1990 Peter Dodson wa Pennsylvania alipitia majina yote ya dinosaria yaliyokwisha kutolewa, akabakiza jenasi (yaani makundi ya spishi ndugu) 285 zinazokubalika, karibu nusu yake zikitegemea kisukuku kimoja tu. Akakadiria kwamba jenasi zote zilikuwa kati ya 900 na 1,200. Miaka 16 baadaye, mwaka 2006, yeye na Steve Wang walirudia. Jenasi zilizojulikana zilikuwa zimefika 527, na makadirio yakapanda hadi 1,850. Tafakari maana yake. Kadirio linalodai kuutazama ukomo wa jambo lilipanda kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 16, kwa sababu tu watu walichimba zaidi, hasa China na Argentina. Ukomo wenyewe haukusogea, maana dinosaria wa mwisho alikufa miaka milioni 66 iliyopita. Kilichosogea ni sururu.

Tena wataalamu hao wawili waliandika kwa uangalifu kwamba wanazungumzia jenasi zinazoweza kugunduliwa. Neno hilo moja ndilo lililobeba uaminifu wa kazi yote. Lilipotoka katika jarida na kuingia magazetini likadondoka njiani, na tukapokea "jenasi zilizokuwapo" badala ya "jenasi zinazoweza kugunduliwa". Kati ya maneno hayo mawili pana umbali kama ule ulio kati ya wote waliozikwa duniani na makaburi yenye alama.

Hebu sasa tuipime namba yenyewe kwa kugawanya tu. Dinosaria waliishi kwa miaka kama milioni 165. Spishi moja ya mnyama mkubwa wa nchi kavu hudumu miaka milioni moja, pengine miwili, kisha hutoweka au hugeuka kuwa nyingine. Kama spishi zote zilikuwa 1,936 na kila moja ilidumu miaka milioni moja, basi kwa wakati wowote ule dunia nzima, kuanzia ncha ya kaskazini hadi ya kusini, ilikuwa na spishi 12 za dinosaria. Uzipe miaka milioni miwili kila moja, zitakuwa 23 au 24. Zipe milioni mitano, ambayo ni ukarimu uliopita kiasi, hazifiki 60.

Dunia nzima, spishi 12. Mgeni anayezunguka Serengeti siku moja na dereva mzuri huona tembo, twiga, nyumbu, pundamilia, nyati, kiboko, swala tomi, swala granti, swala pala, nyamera, kongoni, pofu, kuro, tohe, digidigi, ngiri, simba, chui, duma na fisi, na bado jioni haijaingia. Hao ni 20, wote mamalia, wote wakubwa kiasi cha kuonekana kutoka ndani ya gari, katika mbuga moja ya nchi moja. Tunaambiwa tuamini kwamba dunia ya dinosaria, iliyokuwa na joto na mimea tele, ilikuwa maskini kuliko safari ya siku moja Serengeti.

Atakayesema mfano huo ni wa wanyama wa leo, na aende Tendaguru. Kilima hicho kipo mkoani Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka bandarini, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig ulitoa hapo zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yaliyoifunga. Mamia ya wenyeji walichimba, wakafunga mizigo, wakaibeba vichwani hadi Lindi. Katika mifupa hiyo wametambuliwa Giraffatitan, ambaye leo amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, Dicraeosaurus wa spishi mbili, Tornieria, Janenschia, Tendaguria, Australodocus, Wamweracaudia, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dysalotosaurus mdogo mwenye mbio, Elaphrosaurus, Veterupristisaurus, na Ostafrikasaurus anayejulikana kwa meno tu. Hao ni 13, na nimewaacha wale ambao mifupa yao imeonekana lakini haitoshi kupewa jina.

Nakubali kwamba matabaka ya Tendaguru ni zaidi ya moja, na si wote hao walioishi pamoja siku moja. Lakini katika zama hizohizo, magharibi mwa Marekani, matabaka ya Morrison yametoa jenasi zaidi ya 30, karibu zote tofauti na za Lindi. Hizo ni sehemu mbili tu za sayari. Bado Ureno, bado China, bado mabara mazima ambayo mawe yake ya wakati ule yamefunikwa, yamesagika au hayajaguswa. Hesabu ya spishi 12, au 24, inavunjika mbele ya vilima vya Lindi ukiongeza jangwa moja la Marekani.

Mfaransa Jean Le Loeuff alijaribu njia nyingine mwaka 2012. Aliacha kuhesabu mifupa, akatazama ukubwa wa ardhi: eneo la ukubwa fulani hubeba spishi kiasi gani. Kwa kipindi cha mwisho tu kabla ya dinosaria kutoweka, alipata spishi kati ya 628 na 1,078 zikiishi duniani kwa wakati mmoja. Weka makadirio hayo kando ya 1,936. Ama theluthi hadi zaidi ya nusu ya dinosaria wote wa miaka milioni 165 walikusanyika mwishoni kusubiri kimondo, ama namba ya 1,936 haihesabu kile tunachoambiwa inahesabu. Mimi nimeshachagua. Tukisema dunia ilibeba spishi mia kadhaa kwa wakati mmoja katika sehemu kubwa ya zama zao, nazo zikapokezana kila baada ya miaka milioni moja au miwili, tunafika makumi ya maelfu. Siitoi hii kuwa namba mpya ya kukariri. Naitoa ili ionekane tumekosea kwa ukubwa gani.

Wanaoitetea namba ndogo wana hoja mbili nzito, na zote nazichukulia kwa uzito wake.

Ya kwanza ni kwamba majina ya dinosaria yamejaa marudio. Mtu aliokota pembe akatoa jina, mwingine akaokota taya la mnyama yuleyule akatoa jina jingine. Ni kweli. Triceratops alikuwa na spishi zaidi ya kumi, leo zinakubalika mbili. Karibu nusu ya majina yaliyowahi kutolewa tangu karne ya 19 yamefutwa. Lakini kosa hilo lina upande wa pili ambao hautajwi. Mnyama wa Lindi aliyesimama Berlin aliitwa Brachiosaurus tangu 1914, akahesabiwa jenasi moja na yule wa Colorado. Ilipofika 2009 Michael Taylor akalinganisha mfupa kwa mfupa, akaonyesha kwamba tofauti zao ni nyingi mno, na jina la Giraffatitan likashika. Dysalotosaurus naye kwa miaka mingi aliwekwa ndani ya Dryosaurus wa Marekani, kisha akatolewa. Brontosaurus alifutwa 1903, akarudishwa 2015. Kufuta na kurudisha kunakwenda pande zote mbili, na huwezi kuupeleka upungufu wote upande mmoja ukauita tahadhari.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mifupa hutambua jenasi kwa urahisi kuliko spishi. Ndege waliopo leo ni spishi kama 11,000 katika jenasi zaidi ya 2,000, yaani karibu spishi tano kwa kila jenasi. Dinosaria wengi tuliowapa majina ni spishi moja kwa jenasi moja. Hakuna sababu ya kibiolojia ya tofauti hiyo. Sababu ni kwamba kinachotenganisha spishi ndugu mara nyingi ni rangi, manyoya, mlio, msimu wa kupandana, na hayo hayageuki kuwa jiwe. Mfano upo palepale Lindi. Juu ya uwanda wa Rondo anaishi komba mdogo ambaye wanasayansi walimtenga kuwa spishi ya peke yake miaka ya 1990 tu. Walimtambua hasa kwa kumsikiliza usiku, maana komba hawa wadogo wanafanana mno kwa umbo huku kila spishi ikiwa na mlio wake. Ungeweka mafuvu yao kwenye jiwe ukangoja miaka milioni 150, mtaalamu wa visukuku angeona komba mmoja. Twiga nao, mnyama mrefu kuliko wote duniani, anayeonekana kutoka barabarani, tuliwahesabu spishi moja vizazi na vizazi. Utafiti wa vinasaba wa 2016 ulisema ni spishi nne, na ilipofika 2025 ndipo shirika la uhifadhi la IUCN likakubali. Ikiwa twiga aliye hai ametuchukua muda wote huo, sijui kwa ujasiri gani tunafunga hesabu ya Giraffatitan.

Hoja ya pili ni kwamba wanyama wakubwa huwa na spishi chache zinazoenea mbali, na dinosaria walikuwa wakubwa. Hapa wanazunguka. Wanajua dinosaria walikuwa wakubwa kwa kuwa wakubwa ndio walionaswa na wavu. Katika Tendaguru yenyewe, msafara ulioenda kutafuta mapaja ya mita mbili ulirudi na mapaja ya mita mbili. Mamalia wadogo wa kilima hichohicho tunawajua kwa vitaya na vijino vya milimita chache, na vingi vimepatikana kwa kuchekecha udongo kama mtu anayechekecha unga. Kila mahali duniani walipoanza kuchekecha, wadogo wameongezeka. Na China, katika mkoa wa Liaoning, ambako majivu laini ya volkano na matope ya ziwa vilihifadhi hata manyoya, wametoka dinosaria wa ukubwa wa kuku mmoja baada ya mwingine tangu 1996. Liaoning haikuwa nchi ya ajabu. Ilikuwa na wavu wa macho madogo.

Na ni wapi hasa spishi huzaliwa kwa wingi? Mtanzania yeyote anayejua milima yake anaweza kujibu. Usambara ina vinyonga ambao Uluguru haina, Uluguru ina ndege ambaye hayupo mlima mwingine wowote, Udzungwa nayo ina wake. Msitu wa mlimani ni kisiwa, na kila kisiwa hutengeneza viumbe wake. Kipunji, nyani mkubwa wa kutosha na mwenye sauti ya kusikika mbali, alijulikana kwa sayansi kati ya 2003 na 2005 tu kwenye misitu ya Rungwe na Udzungwa, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani. Sasa, mlima hauhifadhi mifupa. Mvua huukwangua, udongo hushuka, mito huubeba hadi baharini, na baada ya miaka milioni kadhaa mlima wenyewe haupo. Dinosaria karibu wote wa milimani, katika zama zote, kwenye mabara yote, wamekwenda hivyo. Hawakuacha hata jino moja ambalo takwimu ingeanzia. Mahali palipokuwa na utajiri mkubwa zaidi wa spishi ndipo palipoacha sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa kanuni yoyote inabaki sifuri.

Hayo ni ya ardhi. Yapo pia ya binadamu, na haya yananiuma zaidi kwa sababu yangeweza kurekebishwa. Utafiti uliochapishwa 2022 na Nussaïbah Raja, Emma Dunne na wenzao ulionyesha kwamba asilimia 97 ya takwimu za visukuku zilizoingia katika hifadhidata kuu ya dunia kwa miaka 30 zilitoka kwa watafiti wa nchi zenye kipato cha juu au cha kati cha juu. Hesabu ya 1,936 inatokana na hifadhidata hiyo. Kwa hiyo tunapoambiwa "dunia", tunaambiwa Montana, Alberta, Patagonia, Mongolia na Liaoning, na hapo katikati matone machache kutoka kwetu.

Tazama matone hayo yalivyopatikana. Bonde la Rukwa lilitoa Rukwatitan 2014, Shingopana 2017 na Mnyamawamtuka 2019, watatu ndani ya miaka mitano, kwa kazi ya timu ndogo ya Watanzania na Wamarekani iliyokuwa ikirudi msimu baada ya msimu. Wote ni wa zama za Kretesia, kipindi ambacho Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa karibu tupu katika vitabu. Utupu huo ulikuwa ukisomwa kama habari juu ya dinosaria, kumbe ulikuwa habari juu ya nauli, magari na vibali.

Hata kile kilichokwisha kuchimbwa hakijahesabiwa. Miaka ya 1930 Francis Rex Parrington wa Cambridge aliokota mfupa wa mkono na pingili za mgongo katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Mifupa hiyo ilikaa kwenye makabati ya makumbusho karibu miaka 80. Ilipewa jina rasmi la Nyasasaurus mwaka 2013, ikaonekana ina umri wa miaka kama milioni 243: ama ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu yao wa karibu sana. Mkia wa Wamweracaudia ulitoka Tendaguru kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa miaka mingi ukahesabiwa kuwa wa Janenschia. Ilipofika 2019 ukapewa jina lake, Wamwera wakatajwa kwa ardhi yao, na Mohammadi Keranje, aliyeongoza timu ya uchimbaji, akatajwa katika jina la spishi, keranjei. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, naye alitajwa katika Australodocus bohetii mwaka 2007. Mifupa mingine ya msafara ule iliharibika Berlin katika Vita vya Pili, na waliokuwamo humo hawatahesabiwa na yeyote.

Kila miaka kadhaa tunasikia mjadala wa kumrudisha Giraffatitan, mjusi wa Tendaguru, kutoka Berlin. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini naona uchungu kwamba tunamlilia mmoja aliyesimamishwa huko huku vilima alikotoka havina kambi ya kudumu ya uchimbaji, na vijana wetu waliosomea visukuku wanahesabika kwa vidole. Namba ya elfu mbili inachangia hali hiyo. Mwaka 2006 Wang na Dodson walitabiri kwamba robo tatu ya jenasi zinazoweza kugunduliwa zitakuwa zimejulikana ndani ya miaka 60 hadi 100. Afisa wa bajeti anayesoma hivyo ataona kazi inayoelekea ukingoni, ambayo wengine wataimalizia. Mwanafunzi wa Songwe au wa Lindi ataona mlango unaofungwa kabla hajafika. Mimi namwambia mwanafunzi huyo kwamba mawe mengi ya wilaya yake hayajawahi kuulizwa swali.

Mnyamawamtuka alionekana 2004. Sehemu ya mifupa yake ilikuwa imejitokeza juu kwenye ukuta wa genge linalotazama mto Mtuka, mto unaokauka kiangazi na kujaa masika. Wachimbaji walirudi kila mwaka hadi 2008 kuitoa, na pingili za mkia wake zilipochunguzwa zikaonekana zina umbo la moyo, ndiyo maana spishi ikaitwa moyowamkia. Mto huo ulikuwa ukila genge hilo kila masika kabla ya 2004, na unalila hadi leo.